Nazunguka makasri ya Wales huku roho inanisuta. Je, nakosea?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Bangor, kaskazini mwa Wales, nimetokea Tanga. Nilifika Septemba. Jumamosi nisiyokuwa na kazi napanda basi kwenda kuangalia makasri: Conwy, Caernarfon, Beaumaris. Nimeyapenda kuliko nilivyotarajia. Mwezi uliopita tulikwenda Penrhyn, jumba kubwa lililo karibu kabisa na chuo, na humo ndani nikasoma kwamba fedha zake zilitoka kwenye mashamba ya watumwa Jamaika. Tangu siku hiyo sina raha. Kaka yangu alipoona picha zangu aliniandikia: 'Baba ameuza kiwanja ili ukapige picha kwenye nyumba za waliotutawala?' Nikazifuta zote. Tasnifu yangu imesimama, usiku silali vizuri, na huku saa kumi jioni giza limeshaingia. Je, kuna ubaya kuyafurahia majengo haya? Kwa nini aliyetutembeza alisema Penrhyn si kasri la kweli? Kwa nini wenzetu walijenga makasri na sisi hatukujenga? Na je, ni kweli ngazi zao zinazungukia kulia ili adui anayepanda ashindwe kuzungusha upanga?"*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umefunga vitu viwili kwenye furushi moja. Kuna suala la mawe, na kuna suala la msichana asiyelala vizuri kwenye nchi ya baridi. La pili ndilo zito zaidi, lakini nitaanza na mawe kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu nadhani yakikaa sawa, hata hilo la pili litapungua uzito.

Neno lenyewe, kasri, limekupotosha kidogo. Kiswahili kina maneno matatu pale ambapo Mwingereza anatosheka na moja. Kasri ni jumba la mtawala: analala humo, anakula, anapokea wageni. Ngome ni mahali pa kujikinga. Na gereza, kabla ya kubaki na wafungwa peke yao, lilikuwa pia jina la boma la askari. Ndiyo sababu lile boma la ufukweni pale Kilwa Kisiwani linaitwa Gereza hadi leo. Sasa Conwy uliyoiona ni vyote vitatu kwa pamoja. Mfalme alikuwa na vyumba vyake upande wa ndani, askari walikuwa juu ya kuta, na mmoja wa minara una shimo la wafungwa chini yake. Penrhyn ni kasri tu, si ngome. Lilijengwa miaka ya 1820 na 1830, na msanifu wake, Thomas Hopper, aliiga kwa makusudi mtindo wa majengo ya miaka 700 hivi kabla yake. Wakati huo mizinga ilikuwa imeshazifanya kuta ndefu kuwa pambo tu. Angalia madirisha ya sebule yake: ngome gani ina dirisha linalopitisha kabati? Aliyewatembeza alikuwa na maana hiyo.

Wala usidhani ni wao tu wenye majina yanayodanganya. Husuni ni ngome kwa asili ya neno, lakini Husuni Kubwa ya Kilwa haikuwa ngome. Ilikuwa kasri la sultani, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Waingereza wana nyumba inayoitwa ngome, sisi tuna kasri linaloitwa husuni. Tuko sawa.

Basi ukiingia kwenye jengo la namna hii, usiulize kwanza ni zuri kiasi gani. Uliza aliyelijenga alikuwa anamwogopa nani, na nani alilipa. Mawe ya Conwy yanajibu swali la kwanza vizuri sana. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata Mfalme Edward I wa Uingereza alianza kujenga Conwy, Caernarfon na Harlech karibu kwa mkupuo mmoja, akimtumia fundi mkuu kutoka Savoy, eneo la milima ya Alps, aliyeitwa James wa St George. Conwy ilisimama ndani ya miaka minne, kwa pauni 15,000 hivi za wakati ule. Haraka ile ilikuwa ya mtu aliyeshinda vita lakini hajapata usingizi. Pembeni mwa makasri ya Conwy, Caernarfon na Beaumaris akaweka miji, akaleta Waingereza wakae humo, na Wawelisi wenyewe wakafungiwa nje ya haki za kukaa na kufanya biashara ndani yake. Huko Beaumaris, kwenye kisiwa cha Anglesey, ilikuwa mbaya zaidi: watu wa Llanfaes, bandari ya Wawelisi iliyokuwa imestawi jirani, walihamishwa na kupelekwa upande mwingine wa kisiwa, mahali palipoitwa Newborough.

Umeona pia kwamba yote yako kando ya maji. Mfalme alijua hawezi kuziamini njia za nchi kavu, kwa hiyo chakula na askari vije kwa meli. Mwaka 1294 Wawelisi waliasi chini ya Madog ap Llywelyn, wakaiteka Caernarfon ikiwa bado haijakamilika, na majira yale ya baridi Edward mwenyewe akakwama ndani ya Conwy hadi chakula kikaanza kupungua. Beaumaris ilianzwa mwaka uliofuata, 1295, kwa sababu ya hofu ile. Wawelisi wa leo hawajasahau. Mwandishi mmoja wa kwao wa karne ya 18 aliiita Caernarfon alama ya kifahari kuliko zote ya kutawaliwa kwao. Rudia maneno hayo polepole, kisha mkumbuke kaka yako. Wana lalamiko moja, tena Wawelisi wamekaa nalo miaka 700.

Swali la nani alilipa ndilo linalonigusa zaidi, pengine kwa sababu nimeishi na mafundi maisha yangu yote ya kazi. Ipo barua ya Februari 1296 ambayo fundi James na mwenzake waliipeleka kwa maofisa wa hazina ya mfalme kuhusu ujenzi wa Beaumaris. Wanaorodhesha waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, mikokoteni, mashua. Halafu wanasema ukweli: malipo ya watu yamecheleweshwa sana, na ni taabu kuwazuia wasiondoke kwa kuwa hawana cha kuishi nacho. Kibarua yeyote wa Tanga angeielewa barua hiyo bila mkalimani. Na Beaumaris haikukamilika mpaka leo. Minara yake imekatika katikati kama nyumba ya mtu aliyeishiwa saruji.

Kwa hiyo ukisimama chini ya ukuta ule ukajisikia kuupenda, hujampenda Edward. Umependa mkono wa mwashi ambaye hakulipwa kwa wakati. Mimi sioni ubaya hapo. Minara ile ni ya duara kwa sababu kona ndiyo udhaifu wa jengo: adui akichimba chini ya kona na kung'oa jiwe moja, upande mzima unaanguka, na mlinzi aliye juu hawezi kumwona aliyejibanza pembeni. Ukizungusha ukuta, jiwe linabanana na jiwe na sehemu ya kujificha inakwisha. Akili ya namna hiyo haina taifa.

Penrhyn ni mashaka mengine, na hapo roho yako haikukosea kusutwa. Familia ya Pennant ilikuwa na mashamba ya miwa Jamaika. Richard Pennant, aliyeanza kuyapanua machimbo ya sleti ya pale, yaani mawe ya kuezekea paa, alikuwa mbunge, na alitumia kiti chake kupinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mrithi wake George Hay Dawkins-Pennant ndiye aliyejenga jumba uliloliona. Utumwa ulipopigwa marufuku kwenye makoloni kwa sheria ya 1833, aliyelipwa fidia ni yeye, zaidi ya pauni 14,600 kwa watu 764. Watu wale 764 hawakupata hata senti.

Lakini hadithi haiishii Jamaika. Sleti zile zilichimbwa na Wawelisi wa Bethesda, kijiji kilicho maili chache kutoka bwenini kwako. Mwaka 1900 waligoma dhidi ya mwenye jumba, na mgomo ukaendelea miaka mitatu. Kwenye madirisha ya nyumba walibandika karatasi yenye maneno *Nid oes bradwr yn y tŷ hwn*, yaani hakuna msaliti katika nyumba hii. Walishindwa kwa njaa. Zipo familia za Bethesda ambazo hadi leo haziweki mguu ndani ya Penrhyn, na wengine hawana haja ya kukueleza sababu. Wachimba sleti wa eneo hilo ndio waliochanga kutoka kwenye mishahara yao ili chuo cha Bangor kifunguliwe mwaka 1884. Ukikaa darasani unakalia mchango wao.

Sasa kaka yako. Hajakosea kuuliza, amekosea kuhukumu. Usimjibu kwamba Wawelisi ni wenzetu waliotawaliwa, basi mambo yameisha, kwa sababu si kweli kikamilifu. Wawelisi haohao baadaye walipanda meli za himaya wakiwa askari, wamisionari na maofisa, na sukari ya Jamaika waliweka kwenye chai yao kama Waingereza wengine. Wala usimwambie kwamba mawe ya kwetu ni safi. Majumba ya Unguja tunayojivunia yalisimamishwa kwa fedha za karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Kilwa nayo iliuza watu. Nimefanya kazi ya kukarabati majengo ya mawe pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimejifunza kwamba ukitaka kulipenda jengo lisilo na dhambi, utabaki kupenda vibanda vya kuku.

Unachoweza kufanya ni kulitazama jengo pamoja na deni lake. Kama umeingia Penrhyn ukasoma habari za Jamaika ukakosa raha, umelisoma sawasawa. Aliyetoka humo anasifia kitanda cha sleti cha tani nzima bila kukosa raha ndiye ningemrudisha ndani.

Hili la kwamba sisi hatukujenga linaniuma, maana tumelifundishwa wenyewe shuleni kwa kunyamaziwa. Kazi ya Caernarfon ilisimama mnamo 1330, haijakamilika. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alishuka Kilwa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, nayo vilevile haikukamilika. Umeona? Wafalme wawili, karibu wakati mmoja, kila mmoja na jengo lililomshinda kumaliza. Tofauti ni kwamba Edward alijenga dhidi ya watu aliowateka bara, wakati sultani wa Kilwa alijenga kwa ajili ya wageni wanaoingia na majahazi. Utajiri wake ulikuwa dhahabu ya kusini iliyopita bandarini kwake, na mfanyabiashara huhitaji ghala na ukumbi kuliko mnara wa mishale. Kuta za mji tulikuwa nazo: nenda Gedi, nenda Songo Mnara.

Halafu kuna ufundi. Sisi tulijenga kwa matumbawe na chokaa, na dari ilishikwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Lakini chokaa ni ileile. Conwy unayoiona ya kijivu ilipakwa chokaa nyeupe ilipokuwa mpya, na mabaki yake bado yapo ukutani ukiyatafuta. Meli iliyokuwa inakaribia iliiona inang'aa kutoka mbali, kama mabaharia walivyoiona miji yetu.

Na ukitaka kuona ngome ya zama zilizofuata, ya kwetu ni bora kuliko zote zilizoko Wales. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo wenyeji wanapaita Ngomeni, ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Haina minara mirefu. Ni fupi, nene, na ina pembe kali zinazojitokeza, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya mizinga. Risasi ya mzinga huangusha mnara mwembamba, lakini ikipiga ukuta mnene uliolala huzama tu. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaipata. Kisha Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Haya, hapo nani alimwogopa nani? Ukienda Mombasa likizo utajibu mwenyewe. Na kabla ya Mombasa, Tongoni iko jirani na kwenu, ina msikiti na makaburi ya nguzo, na naona kwenye barua yako hukuitaja hata mara moja. Sikusemi, wengi wa Tanga hawajafika.

Swali la ngazi nitalijibu haraka. Hadithi hiyo utaisikia kila kasri, na inapendeza, ila ushahidi wake ni mwembamba. Yapo makasri mengi yenye ngazi zinazopinda kushoto, na maelezo ya upanga yalienea mwanzoni mwa karne ya 20, si wakati wa vita vyenyewe. Tena fikiria: adui akishafika kwenye ngazi zako, umeshashindwa. Conwy yenyewe ilitekwa mwaka 1401, Ijumaa Kuu, askari wakiwa kanisani. Inasimuliwa kwamba seremala alijifanya anakuja kazini kama kawaida, akawaua walinzi wawili wa mlangoni. Hakuna aliyepigana kwenye ngazi.

Sasa lile furushi la pili. Mimi si daktari, nitakueleza kwa kuwa nilipita hapo. Majira yangu ya kwanza ya baridi, kaskazini mwa Uingereza, nilikuwa naamka saa tano asubuhi, natoka kwenda kupima kuta za kanisa kuu kwa futi ya fundi, narudi gizani, na sura niliyotakiwa kuwasilisha siigusi. Nilijiambia ni utafiti. Haukuwa utafiti, nilikuwa nakimbia meza. Baadaye niliona kwamba msimamizi wangu alishajua muda mrefu, alikuwa anasubiri niseme. Kwa hiyo nakuuliza wewe: Jumamosi zako za makasri zinakurudisha na nguvu ya kuandika Jumatatu, au zinakusaidia kutoifikiria Jumatatu? Kama ni la kwanza, endelea. Kama ni la pili, kasri halina kosa, lakini halitakuandikia tasnifu.

Wiki hii, kabla ya wiki ijayo, mwandikie msimamizi wako ombi fupi la kuonana. Mwambie ulipokwama kwa sentensi mbili tu, usijitetee. Wasimamizi wamezoea wanafunzi waliokwama. Wanachoshindwa kukisaidia ni ukimya. Na kama hulali usingizi kamili kwa zaidi ya wiki mbili, au umeacha kula, au unalia bila kujua kwa nini, au umeanza kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, hapo usisubiri jibu la mzee wa mawe. Nenda kwa daktari uliyejiandikisha kwake, au ofisi ya ushauri nasaha ya chuo, uso kwa uso, na hilo la mwisho likikujia mwambie mtu siku hiyohiyo. Si aibu, wala baba hatapelekewa taarifa. Giza la kaskazini linawachosha hata waliozaliwa nalo. Toka nje asubuhi jua likiwepo, hata kama ni lile jua lao la kukopa.

Kuhusu kiwanja: aliyeuza ni baba, na aliyeandika ni kaka. Mpigie baba. Mweleze ulichokiona, mweleze habari za fundi James na malipo yaliyochelewa. Nyumbani watu wanadhani mtoto aliye Ulaya ama anabeba boksi ama anatalii, hakuna katikati, kwa hiyo asipoambiwa atajaza mwenyewe. Nauli nayo uipunguze: ukuta wa mji wa Conwy wenye minara 21 unatembea juu yake bila kulipa kitu, na Dolbadarn pale Llanberis haina kiingilio. Tena Dolbadarn ilijengwa na mtawala wa Wawelisi wenyewe kabla ya Edward kufika. Mnara mmoja wa duara, ziwa chini, milima ya sleti mbele yake. Utaipenda.

Na ukirudi Conwy, simama nje ya mmoja wa minara, uangalie ukuta wa duara. Utaona vishimo vya mraba, vidogo, vinapanda kwa mshazari kuuzunguka mnara kama njia ya siafu. Watalii wanadhani ni vya mishale. Ni vishimo vya magogo ya jukwaa: mafundi walijenga ngazi ya mteremko ikizunguka nje, wakasukuma mawe juu yake mpaka kileleni, kisha wakachomoa magogo na kuacha matundu. Huo ni ufundi wa Savoy, umekuja na James. Vihesabu ukiweza, na picha ya hivyo usiifute. Nitumie.